Frateri, Huyo Maria wa Kwenye Wimbo ni Nani?



Wapendwa, leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingeandika somo hili.

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanyia parokia moja ya mjini, nikisaidia vijana. Jumamosi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, kaka mmoja mpiga gitaa alikuwa na kawaida ya kubaki akijipigia nyimbo za nje, na wachache wetu tulibaki kumsikiliza. Siku hiyo akapiga "Let It Be" ya The Beatles, ule mfuatano wa C, G, Am, F ambao karibu kila anayejifunza gitaa anaupitia. Binti mmoja wa kidato cha tano akauimba wote, mwanzo mpaka mwisho, macho kayafumba. Nilipomsifu akaniambia, "Huu ndio wimbo wangu wa Mama Maria, Frateri. Bwenini nikishamaliza rozari, naimalizia na huu."

Na mimi, mwenye shahada ya falsafa ambayo wino wake ulikuwa bado haujakauka, nikacheka. Nikamwambia, "Lakini unajua huyo Maria siye Bikira Maria? Ni mama yake Paul McCartney tu, aliitwa Mary."

Nilisema "tu". Neno hilo linaniuma hadi leo.

Akajibu, "Sawa, Frateri," akachukua daftari lake la nyimbo akaondoka. Jumamosi iliyofuata mpiga gitaa alipoanza wimbo ule, yeye alikuwa kona ya ukumbi anapanga viti. Mpiga gitaa ndiye aliyeninong'oneza kwamba binti yule alifiwa na mama yake mwaka uliotangulia.

Nitarudi kwake baadaye. Kwanza tuongee kuhusu kazi yenyewe ya kutafuta maana ya wimbo ambao maneno yake yanaweza kueleweka hivi au vile. Najua wengi wenu mnasikiliza Bongo Fleva kuliko roki, lakini nyimbo za roki zina ugumu wake: ziko kwa Kiingereza, waandishi wake wengi wanapenda mafumbo, na mara nyingi wanachukua maneno ya kanisani kwetu na kuyatumia kwa shughuli zao.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Frateri, wimbo huu unaruhusiwa?" Si swali baya, ila linakuja mapema mno. Huwezi kujua kama jambo linakufaa kabla hujajua linasema nini. Wengi wetu tumekaa kwenye semina ambamo mtu anaweka wimbo, anausimamisha, na kusema, "Mmesikia hapo? Hapo anamtaja shetani." Na kweli tunasikia! Tunasikia kwa sababu tumeshaambiwa tusikie. Wimbo "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin, wa mwaka 1971, ulipata msukosuko huo. Watu walidai kwamba ukiupiga kinyumenyume unatoa maneno ya kumsifu shetani, na mwaka 1982 jambo hilo likafika mpaka kwenye kamati ya bunge la jimbo la California, ukapigwa kinyumenyume mbele ya wajumbe. Jaribu mwenyewe na sauti yoyote iliyogeuzwa. Bila karatasi ya kukuongoza unasikia kelele. Ukipewa karatasi yenye sentensi, sikio linaitafuta sentensi ile mpaka liipate. Ubongo wa binadamu ndivyo ulivyo, haupendi kelele zisizo na maana.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kabla hata hajaanza Mazoezi yake ya Kiroho, aliweka sharti ambalo Katekisimu yetu imelichukua (KKK 2478). Kwa maneno yangu: Mkristo mwema awe mwepesi zaidi kuyatafutia maneno ya jirani yake maana njema kuliko kuyahukumu. Akishindwa kuipata, amwulize mwenyewe ana maana gani. Akikuta kweli yule mtu amekosea, amrekebishe kwa upendo. Angalieni mpangilio huo. Kurekebisha kupo, hakujafutwa, lakini kunakuja baada ya kuuliza. Sisi tunapenda kuanza na kurekebisha kwa sababu ndiko kunakotupa heshima.

Mtu aliyepoteza dini yake

Mfano mwepesi kwanza. Mwaka 1991 bendi ya R.E.M. kutoka Athens, katika jimbo la Georgia kule Marekani, ilitoa wimbo "Losing My Religion". Ukiutafsiri neno kwa neno unapata "kuipoteza dini yangu". Basi, kijana Mkatoliki akiona kichwa hicho, tena akaona na video yake yenye malaika na picha zinazomkumbusha Mt. Sebastiani na mishale yake, anahitimisha: huyu ameasi. Nimewahi kumkuta kijana aliyekuwa anausikiliza kwa siri, akiamini kabisa kwamba ni wimbo wa kukana imani, na anaupenda kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa kwenye kipindi kigumu, akaona amepata mwenzake.

Kumbe maneno hayo ni msemo wa watu wa kusini mwa Marekani. Michael Stipe, aliyeandika maneno ya wimbo, ameeleza mara nyingi: kule kwao "kupoteza dini" ni kufika mwisho wa uvumilivu, kuishiwa, kukaribia kulipuka. Na wimbo wenyewe ni wa mtu anayempenda mtu mwingine bila kujua kama naye anapendwa; kila ishara ndogo anaipima, kila neno analojiachia linamtia hofu. Yaani ni ugonjwa ambao nusu ya kidato cha nne wanao.

Hebu fikiria Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwenye kamusi anasikia mzee fulani "amekula chumvi nyingi". Atamkimbiza hospitali akapimwe presha. Maana ya msemo haimo ndani ya neno moja moja, imo katika jinsi watu wa mahali fulani wanavyoutumia. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulipotufundisha kusoma Maandiko Matakatifu (Dei Verbum 12), ulituelekeza tuangalie mwandishi alikusudia nini na alitumia namna zipi za kusema zilizokuwa za kawaida kwa watu wa wakati wake. Wimbo wa roki si Maandiko, haujavuviwa na Roho Mtakatifu, na hapo pana tofauti kubwa nitakayoigusa mbele. Lakini hatua hii ya kwanza ni ya akili ya kawaida, inafaa hata kwa ujumbe wa simu.

Yule kijana nilipomweleza, alikatishwa tamaa kidogo. "Kwa hiyo ni wimbo wa mapenzi?" Ndiyo. Hapo ndipo tulipoweza kuzungumzia shida yake yeye, bila kujificha nyuma ya wimbo wa mtu.

Aleluya isiyo ya Pasaka

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na huu unaniletea kesi kila msimu wa ndoa: "Hallelujah" ya Leonard Cohen. Wachumba wanautaka uwe wimbo wa mwanzo kwenye Misa ya ndoa. Sababu? "Frateri, si unasema Aleluya?"

Cohen alikuwa Myahudi, alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1934. Aliutoa wimbo huu mwaka 1984 na mwanzoni haukuwashtua watu wengi. John Cale akauimba upya mwaka 1991, Jeff Buckley mwaka 1994, halafu mwaka 2001 ukaingia kwenye filamu ya katuni ya Shrek, na watoto wa dunia nzima wakaujua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Cohen aliuandikia beti nyingi sana kuliko zile alizorekodi, na baadaye yeye mwenyewe kwenye matamasha aliimba beti tofauti. Cale alichagua zake, na Buckley akafuata njia ya Cale. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Hallelujah" maana yake nini, una haki ya kumwuliza, "Ipi?"

Hata hivyo kuna mambo yanayorudi. Yupo Daudi na muziki wake. Yupo mwanamke aliyeonekana kutoka darini akioga, yaani Bathsheba (2 Sam 11). Zipo nywele zilizokatwa, ambazo ni za Samsoni (Amu 16). Mwandishi amewaunganisha wanaume wawili mashujaa wa Biblia walioangushwa na tamaa, akawafanya mtu mmoja, kisha akamleta mtu huyo kwenye chumba cha mapenzi ya leo, mapenzi yaliyovunjika. Neno Aleluya, ambalo kwa Kiebrania ni mwaliko wa kumsifu Mungu, linatoka katika kinywa cha huyo aliyevunjika.

Sasa, je, ni wimbo mtakatifu au ni kufuru? Nimesikia pande zote mbili zikisemwa kwa uhakika mkubwa. Mimi naona ni wimbo mkweli ambao haujafika mwisho wa safari. Katika Biblia, baada ya darini anakuja nabii Nathani (2 Sam 12). Daudi anaambiwa ukweli usoni, anaungama, na mapokeo yanampa Zaburi ya 51, ile ya kuomba moyo safi, tunayoisali kila Ijumaa asubuhi katika Masifu. Wimbo wa Cohen unajua vizuri darini palivyo, unajua na maumivu ya baadaye, lakini Nathani simwoni humo. Sauti ya kuvunjika ipo. Sauti ya kuondolewa dhambi sijaisikia.

Kwa sababu hiyo nawaambia wachumba: usikilizeni nyumbani, mkipenda hata kwenye sherehe ukumbini, lakini si kwenye Misa. Sio kwa sababu ni mchafu. Mtaguso (Sacrosanctum Concilium 121) unataka maneno ya nyimbo za liturujia yapatane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko na vyanzo vya liturujia yenyewe. Aleluya ya Misa ina kazi yake: inampokea Kristo anayekuja kusema katika Injili. Ndiyo maana Kwaresima nzima tunaificha, na usiku wa Pasaka tunaifumua kama maji yaliyozuiliwa. Ukiweka hapo Aleluya ya mtu anayelia kitandani, waamini wataimba kitu kimoja na kumaanisha kingine. Mnaikumbuka ile video ya mwaka 2014 ya padre wa Ireland aliyewaimbia maharusi wimbo huo? Alibadilisha maneno, akaweka yanayohusu ndoa yao. Siingii kwenye kumhukumu, ila ona: hata yeye alijua kwamba maneno ya Cohen jinsi yalivyo hayawezi kusimama pale.

Kuna dada mmoja aliniambia hoja hiyo ni ya kisheria mno, kwamba moyo ndio muhimu. Moyo ni muhimu. Lakini maneno ya sala ya pamoja si mali ya moyo mmoja.

Turudi kwa Maria

Haya sasa. "Let It Be" ilitoka Machi 1970, wakati The Beatles wanavunjika, na albamu yenye jina hilo, iliyotoka Mei, ikawa ya mwisho kwao. Paul McCartney ndiye mwandishi, na maelezo yake hayajabadilika miaka yote: katika kipindi cha ugomvi ndani ya bendi, karibu mwaka 1968, aliota ndoto. Mama yake alimtokea, akamtuliza kwamba mambo yatakuwa sawa. Alipoamka akaandika wimbo. Wapo waliodai kwamba huyo "Mother Mary" ni jina la siri la bangi. Tumia kanuni ya Mt. Inyasi: mwulize mwenyewe. Mwenyewe ameshajibu, na jibu lake linaendana na maisha yake na maneno ya wimbo. Hiyo ya bangi tuiweke pembeni.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa yule binti, si ndiyo? Ukweli wangu ulikuwa nusu. Nilipokwenda kusoma vizuri nilijua mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kufungua mdomo. Mary McCartney alikuwa muuguzi na mkunga kule Liverpool. Alikuwa Mkatoliki, mwenye asili ya Ireland, na watoto wake wawili walibatizwa Wakatoliki, ingawa baba yao hakuwa wa Kanisa letu na hawakulelewa sana kanisani. Oktoba 1956 alifariki baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, akiwa na miaka 47. Paul alikuwa na miaka 14. (John Lennon naye alifiwa na mama yake mwaka 1958, kwa ajali ya gari. Wavulana wawili wasio na mama wakakaa na magitaa yao wakaandika nyimbo ambazo dunia nzima inaziimba.)

Mnaona? Ule wimbo, kwa maana yake halisi, ni wa mtoto aliyefiwa na mama akiwa shule, ambaye miaka 12 baadaye bado anamhitaji. Maana ile ya kweli, niliyoitumia kama rungu, ilikuwa karibu zaidi na binti yule kuliko ile maana aliyokuwa nayo. Nilimpa ukweli nikiwa nimeukata kichwa.

Chuoni tulimsoma Roland Barthes, Mfaransa aliyetangaza mwaka 1967 kwamba mwandishi amekufa, yaani maana ya maandishi iko mikononi mwa msomaji na si lazima tumwulize aliyeandika. Kwa kumfuata Barthes, ningemwachia binti Maria wake na kusema kila mtu na maana yake. Siwezi kumfuata mpaka huko. Mtu akikuandikia barua usingependa kuisoma kana kwamba hakuna aliyeiandika. Lakini McCartney mwenyewe amewahi kusema kwamba hana shida na watu wanaouchukua wimbo huo kwa imani yao, anafurahi. Na hapa Mt. Augustino ananisaidia kuliko wote.

Katika kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo, Augustino anamzungumzia mtu anayesoma Maandiko na kupata maana ambayo mwandishi hakuikusudia, lakini maana hiyo inamwongoza kumpenda Mungu na jirani. Anasema huyo hasemi uongo. Anamfananisha na msafiri aliyekosea njia, akakatiza mashambani, na bado akafika kule kule njia inakoelekea. Kumbuka Augustino alikuwa anaongelea Neno la Mungu. Basi kwenye wimbo wa roki tunaweza kuwa wapole zaidi. Lakini haishii hapo, na hiki ndicho kipande ambacho watu wanaopenda kumnukuu hukiruka. Anaendelea kwamba mtu huyo bado anapaswa kurekebishwa, aonyeshwe faida ya kutoiacha njia, kwa sababu akizoea kukatiza mashambani ipo siku atapotea kabisa.

Je, binti yule angepotelea wapi? Nimelifikiria hilo muda mrefu, na jibu langu limo kwenye kichwa cha wimbo. Kiingereza hapo kina maana mbili ambazo Kiswahili kinazitenganisha. Unaweza kutafsiri "iache", yaani usihangaike nayo, iache ilivyo. Au unaweza kutafsiri "na iwe", yaani ninakubali, itendeke. Biblia nyingi za Kiingereza zinatumia maneno hayohayo ya kichwa cha wimbo pale Mama Maria anapomjibu Malaika Gabrieli (Lk 1:38). Ndiyo maana Wakatoliki wengi wanaosikia wimbo huu wanaruka moja kwa moja hadi Nazareti, na siwalaumu.

Lakini jibu la Maria kwa malaika halikuwa "iache". Lilikuwa "na iwe", tena baada ya kuuliza swali lake la msingi, litawezekanaje jambo hili. Ilikuwa ndiyo ya mtu anayeingia kazini. Mama wa kwenye ndoto ya McCartney anasema kitu kilicho karibu zaidi na "iache, utakuwa salama", na kwa kijana aliyechoka na ugomvi wa bendi hilo ni neno jema, neno ambalo mama yeyote angesema. Wanafalsafa wa Stoa wangepiga makofi. Sasa chukua neno hilo, liweke kinywani mwa Bikira Maria, na mpe binti aliyefiwa alale nalo kila usiku baada ya rozari. Atajifunza kwamba Mama wa Mbinguni, akiulizwa kuhusu kifo cha mama yako, anajibu: iache. Usilie sana. Ndivyo ilivyo.

Huyo si Maria wa Injili. Maria wa Injili alisimama chini ya msalaba (Yn 19:25), hakuiacha. Na Mwanae, alipofika kaburini kwa rafiki yake Lazaro huku akijua kabisa atakachofanya, alilia kwanza (Yn 11:35). Imani yetu haina neno "iache" kwa mtu aliyefiwa. Ina kilio, halafu ina ufufuko.

Kwa hiyo kulikuwa na sababu ya kweli ya kumrekebisha. Nilikosea si kwa kusema, nilikosea kwa kusema bila kuuliza kwanza anapoimba anaona nini.

Nilimfuata Jumamosi ya tatu. Nikamwomba msamaha, akasema hakuna shida Frateri, kwa ile sauti ya heshima ambayo vijana wetu hutumia kutufungia mlango. Nikamwambia habari za Mary McCartney, kazi yake, ugonjwa wake, mwana wa miaka 14, ile ndoto. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua ukingo wa daftari lake.

"Kwa hiyo na yeye alikuwa anamwota mama yake?"

"Ndiyo. Amesema hivyo mwenyewe."

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Mimi huwa simwoti."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na Augustino, Inyasi na Barthes, na sikuwa na jibu. Nikamwuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Akanieleza: alikuwa anauza vitenge sokoni, alikuwa anaimba sauti ya pili jumuiyani, alikuwa hapendi mtu aache sahani mezani. Tulikaa kama nusu saa. Kuna wakati alicheka.

Mwishowe nikamwuliza kama wimbo ule bado anautaka. Akafikiri. "Nitauimba. Ila nitamwimbia mama."

"Na rozari?"

"Rozari nitamalizia na Salamu Malkia, kama wengine."

Mpiga gitaa alikuwa ametusubiri bila kujifanya anasubiri. Akauliza aanze ufunguo uleule wa C. Binti akamwambia ashushe kidogo, kule juu leo hatafika.